Ubishi wa Ng'ombe na Ngamia

Watu wa Langas wakikwambia Fundi Walubengo ana hasira, waamini. Hasira zangu ziko karibu. Nimewahi kumrudishia mama mmoja kitambaa chake na sindano ikiwa bado ndani kwa sababu alisema nimemwibia inchi mbili. Inchi mbili! Nizifanyie nini, nimshonee panya kaptura?

Nashonea kwenye veranda ya duka moja karibu na soko, hapa Eldoret mjini. Yunifomu za shule mwaka mzima, na nguo za harusi watu wakikumbuka kuoana. Redio yangu imetundikwa kwenye msumari juu ya cherehani. Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita. Watoto wetu wawili wako Nairobi, wamesoma, wana adabu, na hunipigia simu Krismasi na Pasaka. Jioni nikifika kwangu nafungua kufuli, nasema hodi kwa mazoea, halafu naingia mwenyewe maana hakuna wa kusema karibu. Wacha niseme ukweli: nilikuwa mpweke mpaka nikaanza kuwajibu watangazaji wa redio kwa sauti, wateja wakinitazama.

Ndiyo maana nikaingia kwenye salamu. Kituo kimoja hapa mjini kina kipindi cha salamu kuanzia saa saba hadi saa nane mchana, Jumatatu mpaka Ijumaa. Hupigi simu. Unatuma ujumbe, na mtangazaji, kijana anayeitwa Kiarie, anausoma. Jina la kitambulisho halitumiki huko, kila mtu ana jina lake la hewani. Mimi ni Fundi Mkali wa Langas. Unawataja watu wako mmoja mmoja, nao wakisikia wanakurudishia. Sheria ya kwanza ya salamu ni hiyo: ukisalimiwa, rudisha. Sheria ya pili inasema asiyerudisha hufutwa kwenye orodha.

Huyu Kiarie ana kipaji kimoja na ujinga mmoja, na vyote viwili ni kitu kilekile. Ujumbe wa kila mtu anausoma kwa sauti anayodhani ni ya mtu huyo. Mimi alinipa sauti nzito ya mzee aliyekasirishwa na mbuzi shambani. Nilimwandikia mara tatu kwamba sauti yangu si hiyo, ni nyembamba tangu ujana. Akausoma ujumbe huo pia kwa sauti ileile nzito, watu wakacheka.

Kabla ya salamu huwa na dakika tano za kueleza neno na chimbuko lake. Siku moja, mwaka jana mwezi wa nne, akasema, "Neno la leo ni la Kiingereza, na hamtaamini. Ni 'moo'. Wataalamu wanasema Waingereza waliliandika mara ya kwanza karibu miaka mia tano iliyopita, na halikutoka Kilatini wala Kigiriki. Lilitoka moja kwa moja kinywani mwa ng'ombe. Mwalimu wako wa Kiswahili angeliita tanakali ya sauti. Mfaransa ana lake, Mjerumani ana lake, na yote yanaanza na m. Lilikuwa mlio, likawa kitendo, halafu watoto wakaanza kumwita ng'ombe mwenyewe hivyo. Na mchunge sana, huko Uingereza ukimwita mama wa watu 'moo', umemwambia ni mjinga."

Nilisimamisha cherehani. Ng'ombe awe tusi? Nikachukua simu nikaandika kwa vidole viwili, kola ya mtoto wa watu ikiningoja.

"Kiarie, huyo Mwingereza alimsikia ng'ombe akiwa ng'ambo ya ua. Mimi nimelala zizini Kimilili. Ng'ombe mwenye njaa hufungua mdomo, na hiyo ndiyo sauti Mwingereza aliyoiandika. Lakini akimwita ndama aliyezaliwa jana hafungui mdomo hata kidogo. Anamwita kwa ndani, puani, polepole, na sauti hiyo haina herufi. Na kwetu ng'ombe si tusi. Hupewa jina na kuimbiwa."

Kesho yake likaja jibu, na Kiarie akalisoma kwa sauti nyembamba ya bibi mwenye meno mawili.

"Mwambie Fundi Mkali kwamba ng'ombe hulia akiona nyasi na hulia akikosa nyasi, kwa hivyo kilio chake hakina maana. Mimi nilizaliwa Wajir katikati ya ngamia. Ngamia akipotelewa na ndama analia siku tatu bila kula, na watu wazima wanatoka nyumbani kwao kwa kumhurumia. Mwingereza hana neno la kilio hicho, wala Fundi hana. Ni mimi Mama Ngamia wa Turbo."

Sikuwahi kumsikia mtu huyo. Nikajibu siku hiyohiyo: "Mnyama anayegugumia kama sinki iliyoziba asitufundishe muziki."

Naye: "Fundi, sauti hiyo unayosema ni ya dume la ngamia likitafuta mke. Wewe ukitafuta mke hulia vipi?"

Kiarie alicheka mpaka akaweka wimbo kabla ya wakati wake. Wenye vibanda pale sokoni walinipigia makofi nikipita. Nami, niliyemrudishia mtu kitambaa kwa ajili ya inchi mbili, sikukasirika. Nilikaa kwenye cherehani nikitabasamu peke yangu kama aliyeokota kitu barabarani.

Basi ubishi ukaanza, ukaenda miezi kumi na minne. Kiarie akaona watu wanaupenda, akaifanya kila Alhamisi kuwa siku ya sauti za wanyama. Likaja la paka. Likaja la jogoo wa Mwingereza, ambaye mlio wake una silabi tano wakati wa kwetu anatosheka na kokoriko. Mama Ngamia akasema jogoo wa Turbo husema "amkeni mswali". Nikasema wa Langas husema "maji yamepotea tena". Siku zisizokuwa za wanyama tulisalimiana tu, ila hata salamu zake zilikuwa na mwiba. "Namsalimu Fundi Mkali, aambiwe ngamia bado yuko mbele." Nami nilimweka wa kwanza kwenye orodha yangu, kila siku ya kazi.

Kidogo kidogo nikajua habari zake, kwa vile tu alivyodokeza. Alikuwa mjane. Alikuwa na duka la sukari na majani ya chai kando ya barabara ya Webuye. Mguu ulimuuma wakati wa baridi. Yeye naye alijua kwamba mke wangu hayupo na kwamba ugali wangu huungua. Siku ya kumbukumbu ya mke wangu nilituma ujumbe mfupi wa kumtaja marehemu. Mama Ngamia akaandika, "Leo simgusi Fundi. Mpeni wimbo wa pole." Nililia hapohapo verandani, nikamwambia mteja ni vumbi la kitambaa.

Utauliza kwa nini hatukuonana, na Turbo si mbali. Hata mimi hujiuliza hivyo. Lakini fikiria: mzee wa miaka sitini na tatu, Mkristo, muumini wa kila Jumapili, niombe hewani namba ya simu ya mama wa Kiislamu, mjane, kaunti nzima ikinisikia! Wangenicheka mpaka ng'ambo ya Soy. Na kupanda gari kwenda Turbo kuuliza dukani kwa watu, "Mama Ngamia ni nani hapa?" niliona ni utovu wa heshima. Nikajiambia tuko hewani, panatosha.

Halafu, Jumatatu moja mwezi wa sita, akanyamaza.

Siku ya kwanza nilidhani simu yake imeisha chaji. Siku ya tatu nikadhani mguu. Wiki ikaisha. Wiki ya pili nikaendelea kumtaja wa kwanza kila siku, na kila siku Kiarie akisoma orodha za watu wengine nilikuwa nasimamisha cherehani nisikie vizuri. Hakuna. Alhamisi ya wiki hiyo ya pili, bwana mmoja anayejiita Chui wa Soy akatuma ujumbe: "Poleni wasikilizaji, ng'ombe wa Langas ameachwa zizini. Ngamia amepata bwana mwenye jangwa lake."

Kiarie alicheka. Mwenye duka alicheka. Muuza parachichi wa upande wa pili, mwanamke wa kanisani kwetu, aliegemea kikapu chake akacheka mpaka akashika mbavu. Damu ikanipanda kichwani. Niliona nimefanywa mjinga miezi kumi na minne, mzee mzima anayechekelea maneno ya mtu asiyemjua. Nikaandika bila hata kuvua miwani ya kazi.

"Mimi Fundi Mkali wa Langas nasema hivi: wasiorudisha salamu nimewafuta. Wa kwanza kufutwa ni Mama Ngamia wa Turbo. Sheria ni sheria."

Kiarie akausoma siku ya pili yake, Ijumaa, kwa ile sauti nzito, tena akaukokota pale kwenye "nimewafuta" ili watu wapate utamu. Nikamweka Naomi wa Maili Nne mahali pake. Naomi ni mtu mzuri, lakini salamu zake ni za kusalimu tu.

Hasira hasara. Wiki tatu nilingoja. Nilitaka arudi aombe msamaha, nimsamehe kwa shingo upande mbele ya watu wote. Kila saa saba nilipunguza mwendo wa cherehani. Saa nane wakifunga kipindi nilikuwa nazima redio na kushona kimya mpaka jioni, na muuza parachichi akaacha kunitania kwa sababu aliona uso wangu. Jioni sikusema hodi tena mlangoni. Niliona hata hiyo ni kujidanganya.

Ijumaa ya wiki ya tatu, kipindi kikiwa ukingoni, Kiarie akasema ana ujumbe wa mwisho. Akausoma kwa sauti yake mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

"Mimi ni Ikra, binti ya Mama Ngamia wa Turbo. Mama amelazwa hospitali kubwa hapa Eldoret, wiki ya tano leo. Alipata kiharusi. Hawezi kuongea wala kuandika. Anachoweza ni kusikiliza. Kila siku saa saba ananionyesha redio kwa kidole nimfungulie, na anasikiliza mpaka jina la mwisho. Siku alipofutwa alitoa machozi kwa jicho moja, na bado Jumatatu yake akataka redio. Namwomba Fundi Mkali, kama ana moyo, amtaje mara moja tu. Madaktari hawatuambii siku zilizobaki."

Kikaingia kibwagizo cha kituo, ikafuata taarifa ya habari. Nilibaki nimeshika mkono wa koti la mtoto. Mama wa watu amelala, ulimi umefungwa, siku tisa za kipindi ananisikia namtaja na hawezi kunirudishia. Halafu ananisikia namfuta. Halafu wiki tatu anangoja nibadilishe nia. Walubengo, nikajiambia, wewe ni mtu mbaya.

Salamu nyingine zilikuwa Jumatatu. Ijumaa mpaka Jumatatu ni siku ngapi kwa mtu ambaye hajulikani ana siku ngapi? Sikufunga hata cherehani. Nikamwachia mwenye duka, nikapanda boda hadi hospitalini.

Askari wa getini alikuwa mpole. "Mzee, saa ya kuona wagonjwa imepita. Lakini nikuulizie. Mgonjwa anaitwa nani?"

"Mama Ngamia wa Turbo."

"Jina la hospitali, Mzee. La kitambulisho."

Sikuwa nalo. Miezi kumi na minne nimebishana na mtu kuhusu jogoo na punda, na sijui jina alilopewa na wazazi wake.

"Ni wako nani?" akauliza.

"Ni mtu wangu wa salamu."

Askari akamtazama mwenzake. Mwenzake akageuka ukutani, mabega yakitikisika. "Mzee," akasema yule wa kwanza, "hapa kuna akina mama mia tatu. Nitamtafuta ngamia wapi?"

Nikageuka, nikaenda kwa miguu hadi kituoni kwa Kiarie, ghorofa ya tatu, ngazi zimejaa vumbi. Kijana mwembamba mwenye fulana ya timu ya mpira alitoka kunipokea. "Wewe ndio Fundi Mkali?" akasema. "Mzee, mimi nilidhani uko na kitambi na sauti kubwa!"

"Nilikuandikia mara tatu."

"Nilidhani ni mzaha." Akakuna kichwa. "Namba ya msikilizaji siwezi kukupa, Mzee, nitafutwa kazi. Lakini naweza kumpigia mimi."

Akapiga, akaeleza, akanipa simu. Sauti ya msichana ikasema, "Wewe ndiye uliyemfuta mama yangu?"

"Ni mimi, binti yangu."

Nilisikia vyombo vya wadi vikigongana nyuma yake. Nikamwambia tu, "Nilikosa. Niruhusu nije nimwambie mwenyewe."

"Kesho saa saba," akasema. "Wadi ya wanawake. Uliza Sahra Hussein." Akakata.

Jumamosi nilivaa suti niliyojishonea kwa mazishi ya mke wangu. Ikra alinisubiri mlangoni, msichana mrefu mwenye hijabu ya kijani, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Aliniamkia kwa adabu, "Shikamoo, Mzee," lakini hakunipa mkono, nami sikutegemea anipe.

Nilikuwa nimemchora Mama Ngamia kichwani mwangu miezi yote hiyo: bibi mdogo, mkavu, mwenye meno mawili. Kitandani alilala mwanamke mkubwa, mabega mapana, uso uliokuwa mzuri na ambao sasa upande wake mmoja ulikuwa umelegea. Redio ndogo ilikuwa kando ya mto. Aliponiona mwanamume mgeni anasogea, alivuta mtandio kwa mkono wa kushoto akajifunika nywele. Nikarudi nyuma hatua moja.

"Mama," Ikra akasema, "umepata mgeni. Ndiye huyu Fundi Mkali wa Langas."

Alinitazama. Nikavua kofia. "Mama Ngamia," nikasema, na sauti yangu ikatoka nyembamba kuliko kawaida, "ni mimi. Nilikufuta kwa hasira, nisamehe. Sikujua unaumwa."

Akanitazama tena, vizuri, kwa huruma kidogo, jinsi unavyomtazama mtu aliyepotea njia. Halafu akamgeukia binti yake akatikisa kichwa: hapana. Akainua kidole akaionyesha redio.

Ikra akaona aibu. "Anasema Fundi yuko mle ndani."

Ndipo nikaelewa. Sauti yangu hajawahi kuisikia hata siku moja, wala mimi yake. Aliyezoeana naye yeye ni yule mzee mzito wa Kiarie, aliyekasirishwa na mbuzi shambani. Nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka natamani kujificha. Nikakohoa, nikajaza kifua, nikajaribu kuitoa sauti ile nzito. Yaani mimi mwenyewe nikamwigiza Kiarie akiniigiza mimi! "Mimi Fundi Mkali wa Langas!" Ikatoka kama mlango usiotiwa mafuta. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka, na mwuguzi akaniambia, "Pole pole, Mzee, hii ni wadi."

Mama Ngamia hakucheka. Alifumba macho, amechoka. Ikra akanisindikiza mpaka mlangoni akasema, "Usikasirike. Anakungoja, ila hajui ni wewe."

"Sikasiriki," nikasema, na ilikuwa kweli. Sikuwa na hasira hata chembe. Nilikuwa na hofu kwamba Jumatatu haitamkuta.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilikaa kitandani kwangu na simu, nikaandika na kufuta. Mara ya kwanza nilimkubalia kila kitu, kwamba ngamia ameshinda. Nikaufuta. Mbishi ukimkubalia ghafla anajua anakufa. Mwishowe nikapata maneno, nikamtumia Kiarie asubuhi ya Jumatatu na kumpigia kabisa. Nikamwambia ausome wa kwanza, kabla ya neno na chimbuko, kabla ya kitu chochote.

"Niusome kwa sauti yangu, Mzee?" akauliza. "Sasa nakujua. Naona haya kukuigiza."

"Hapana," nikasema. "Usome kwa ile nzito."

Saa saba kasoro dakika tano nilikuwa wadini. Yupo. Amelala chali, mtandio uko tayari kichwani, kidole kinaelekea kwenye redio. Ikra akaifungua. Mimi nikaketi kwenye stuli ya wageni miguuni mwa kitanda, mikono magotini, kama mwanafunzi anayengojea matokeo.

Kibwagizo kikapiga. Kisha sauti ile, nzito, yenye ukali wote wa dunia:

"Mimi Fundi Mkali wa Langas. Wiki tatu zilizopita nilisema nimemfuta Mama Ngamia wa Turbo. Nilisema kwa hasira na kwa ujinga. Hakuna aliyefutwa. Yeye ni wa kwanza kwenye orodha yangu na atabaki wa kwanza, arudishe asirudishe. Najua anaumwa, na najua ananisikia. Mama Ngamia, pole. Siku bila wewe ni ndefu. Lakini usidhani nimekubali habari za ngamia wako. Ubishi uko palepale, pona uje tuumalize."

Mama Sahra alishika shuka kwa mkono wake mzima. Nusu ya uso wake ikacheka, machozi yakashuka upande uleule unaocheka. Akaipapasa redio juu, taratibu, kama unavyompapasa mtu begani, akamtazama Ikra kumwambia kwa macho: umesikia? Umesikia? Ikra akalia waziwazi. Sijawahi kuona mtu akifurahi namna ile kwa sababu yangu, na nilikuwa hatua mbili kutoka kwake.

"Mama," Ikra akasema, akinishika mkono wa koti kunivuta mbele, amesahau adabu zote, "mama, ni huyu hapa. Fundi ndiye huyu. Mtazame!"

Akanitazama. Furaha ilikuwa bado usoni, akanigawia kidogo, kwa ukarimu. Halafu akageukia kabati la kando ya kitanda, akapapasa huko kwa mkono wa kushoto, akachukua chungwa moja kati ya mawili yaliyokuwapo akaninyooshea. Akasema kitu kwa macho, na Ikra akainamisha kichwa.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anafikiri wewe ni wa wale wa kanisa," Ikra akasema polepole. "Wale wanaozunguka wadini kwa sababu nyumbani hawana mtu."

Nikalipokea kwa mikono miwili. "Asante, mama," nikamwambia. Ikra alitaka kumweleza tena, nikamkataza. Kiarie alikuwa anaendelea na orodha ya Naomi wa Maili Nne, na mama alikuwa amerudisha sikio lake redioni.

Saa nane kengele ya wageni ikalia, tukatolewa. Nje ya geti kuna benchi la saruji. Niliketi hapo nikalimenya chungwa langu, nikalila lote, pamoja na kokwa.